Historia Kuu ya Afrika: Wakenya waliiandika, mbona watoto wetu hawaisomi kwa Kiswahili?

Ukimuuliza Mkenya wa kawaida Unesco imetufanyia nini, aghalabu atakuelekeza pwani. Atakutajia Mji wa Kale wa Lamu ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, misitu mitakatifu ya Kaya za Mijikenda mwaka 2008, na Fort Jesus mwaka 2011. Aliyesoma magazeti ya karibuni ataongeza Thimlich Ohinga kule Migori (2018) na magofu ya Gedi (2024). Mpenzi wa lugha naye atakwambia kuhusu tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani.

Yote hayo ni kweli na si haba. Hata hivyo, kwa maoni yangu, kazi kubwa zaidi ambayo nchi hii imewahi kuifanya ikishirikiana na Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni haimo katika mawe ya Gedi wala katika sherehe za Julai. Imo katika vitabu vinane vinene ambavyo wasomi wetu waliviandika, wakaviongoza na kuvihariri, kisha sisi wenyewe tukavipa kisogo. Nazungumzia Historia Kuu ya Afrika.

Katika makala haya nataka tuitazame historia ya hiyo historia. Nataka pia tujiulize swali ambalo limenikera kwa muda: ikiwa ahadi ya kuileta kazi hii katika Kiswahili iliandikwa waziwazi tangu mwanzo, ni nani aliyetakiwa kuitimiza?

Tuanzie mwaka 1964. Kenya ilijiunga na Unesco mwezi Aprili mwaka huo, miezi michache tu baada ya bendera ya uhuru kupandishwa. Wakati huo fikra iliyotawala katika vyuo vingi vya Ulaya ni kwamba Afrika haikuwa na historia. Mwaka 1963, Hugh Trevor-Roper, mwanahistoria mashuhuri wa Chuo Kikuu cha Oxford, alidai katika mihadhara yake kwamba hakukuwa na historia ya Afrika ya kufundishwa. Kwake yeye, kilichokuwepo ni historia ya Wazungu barani Afrika, na kwingine kote ni giza tupu. Huyu hakuwa mlevi wa mtaani. Alikuwa profesa mwenye wadhifa, na maneno yake yalirushwa kwenye televisheni na kuchapishwa kitabuni.

Nchi changa za Afrika hazikutaka kulijibu hilo kwa hasira. Zilitaka kulijibu kwa utafiti. Kwa hiyo, katika Mkutano Mkuu wa Unesco wa mwisho wa mwaka huohuo wa 1964, iliamuliwa kwamba shirika lisimamie uandishi wa historia kamili ya bara hili, tangu binadamu wa kwanza hadi zama zetu. Miaka ya mwanzo ilitumika kukusanya nyaraka na masimulizi. Mwaka 1971 ikaundwa Kamati ya Kimataifa ya Kisayansi yenye wanachama 39, thuluthi mbili wakiwa Waafrika. Hapo ndipo penye uzito wa jambo lenyewe. Pesa na jukwaa vilitoka kwa shirika la dunia, lakini kalamu ilikuwa mikononi mwa Waafrika.

Na katika mikono hiyo, ya Wakenya ilikuwa mingi.

Wa kwanza ni marehemu Profesa Bethwell Allan Ogot, aliyeaga dunia Januari 2025. Ogot alikuwa rais wa kamati hiyo kuanzia 1978 hadi 1983, na ndiye mhariri wa juzuu ya tano inayohusu karne ya 16 hadi ya 18. Hakuokotwa njiani. Katika tasnifu yake ya uzamifu ya Chuo Kikuu cha London alithubutu kuandika historia ya Wajaluo kwa kutegemea masimulizi ya wazee. Ilikuwa thubutu kwa sababu, wakati ule, mwanahistoria aliyeheshimiwa ni yule aliyenukuu karatasi za kwenye kumbukumbu za serikali. Wazee wa Siaya na Kisumu hawakuacha karatasi. Waliacha nasaba, majina ya mahali, visa vya uhamaji na tenzi za vita. Ogot alizilinganisha kauli za ukoo huu na za ukoo ule, akahesabu vizazi, akapata mfuatano wa wakati. Kitabu kilichotokana na kazi hiyo kilitoka mwaka 1967.

Mbinu hiyo ndiyo iliyokuja kuwa uti wa mgongo wa Historia Kuu. Juzuu ya kwanza, iliyohaririwa na Joseph Ki-Zerbo wa Burkina Faso na kutoka mwaka 1981, haianzi na wafalme. Inaanza kwa kujadili vyanzo: akiolojia, isimu, na hasa mapokeo ya mdomo. Mmoja wa walioandika humo ni Amadou Hampâté Bâ wa Mali, yule mzee aliyeukumbusha ulimwengu mwaka 1960, akiwa mbele ya Unesco yenyewe, kwamba mzee wa Kiafrika anapofariki ni kama maktaba imeteketea. Sisi walimu wa fasihi simulizi huwa tunalitaja hilo kila muhula, ila mara nyingi tunasahau kusema alilitamkia wapi.

Wa pili ni marehemu Profesa Ali Mazrui, mwana wa Mombasa. Yeye alihariri juzuu ya nane, ya mwisho, iliyotoka mwaka 1993 na kuhusu Afrika tangu 1935. Hebu msomaji itafakari hiyo tarehe. Kwa nini 1935? Mbona si 1939, Vita vya Pili vya Dunia vilipoanza, au 1945 vilipokwisha? Kwa sababu mwaka 1935 ndipo Italia ya Mussolini ilipoivamia Ethiopia. Kwa Mwafrika, vita vilikuwa vimeanza, hata kama Ulaya ilikuwa bado inajadiliana. Kwa kuchagua mwaka tu, kitabu kinakuonyesha kinatazama dunia kikiwa kimesimama upande gani.

Wapo na wengine. Profesa Ahmed Idha Salim wa Chuo Kikuu cha Nairobi aliandika sura za pwani ya Afrika Mashariki katika juzuu ya tano na ya sita. Henry Mutoro, mwanaakiolojia wetu aliyezitafiti Kaya za Mijikenda, alishirikiana na Mtanzania Fidelis Masao kuandika sura ya pwani na visiwa vya Komoro katika juzuu ya tatu. Naye Profesa Mohamed Hassan Abdulaziz, ambaye wapenzi wa ushairi wanamjua kwa utafiti wake kuhusu Muyaka bin Haji, aliandika pamoja na Alfa Ibrahim Sow wa Guinea sura inayohusu lugha na mabadiliko ya jamii katika juzuu ya nane.

Wasomaji wa safu hii wanajua kwa nini sura hizo za pwani zina uzito wa pekee kwetu. Kwa miaka mingi miji ya Waswahili ilielezwa kama kazi ya wageni. Mwarabu na Mshirazi ndio waliojenga, na Mwafrika alikuwa kibarua wa kubeba mawe. Hata lugha yenyewe ilisemekana kuwa Kiarabu kilichochakachuliwa. Watafiti wa kizazi cha Mutoro waliyageuza maswali. Walitaka kujua nani aliishi pale kabla ya nyumba za mawe, alikula nini, alifinyanga vyungu vya namna gani, na alisema lugha gani. Wanaisimu nao wakathibitisha kwamba Kiswahili ni Kibantu, ndugu wa Kimijikenda na Kipokomo. Wageni walikuja, walioa, walifanya biashara na wakaacha maneno mengi, lakini nyumba ilikuwa na wenyewe.

Nisije nikaeleweka vibaya. Historia Kuu si wimbo wa kusifu Afrika. Humo mna ubishi, tena mkali. Katika juzuu ya pili, Cheikh Anta Diop wa Senegal alishikilia kwamba Wamisri wa kale walikuwa weusi. Wenzake hawakukubaliana wote, ndiyo maana Unesco iliitisha kongamano Cairo mwaka 1974 kulijadili hilo. Kamati ingeweza kuifukia tofauti hiyo chini ya zulia. Badala yake sura ya Diop ilichapishwa, na muhtasari wa mjadala wa Cairo ukawekwa humohumo, ili msomaji ajiamulie. Zaidi ya wataalamu 230 walishiriki katika mradi mzima. Kuwakubalisha watu 230 si kazi ya mchezo, na kuwaacha wapingane hadharani ni ujasiri mkubwa zaidi.

Sasa tuje kwenye ahadi.

Mwanzoni mwa juzuu hizi kuna maelezo ya mradi yaliyotiwa saini na Ogot mwenyewe. Humo imeelezwa kuwa toleo kuu litatoka kwa Kiingereza, Kifaransa na Kiarabu. Kisha kutakuwa na toleo lililofupishwa ambalo litakuwa msingi wa kutafsiri katika lugha za Kiafrika. Na kamati ilikuwa imekwisha kuchagua lugha mbili za kuanzia: Kiswahili na Kihausa. Haikuwa minong'ono ya kwenye kahawa. Ilichapishwa.

Baadaye sehemu za kazi hii zilitoka kwa lugha nyingi, na katika orodha hiyo Kiswahili kimo, pamoja na Kihausa na Kifulfulde. Kwa hiyo mtu asiseme Paris ilitusahau. Tatizo ni kwamba kutoka ni jambo moja na kufika ni jingine. Nimefundisha Kiswahili na tafsiri kwa miaka, na nimezoea kuwauliza walimu wa historia ninaokutana nao kwenye semina kama wamewahi kuishika hata juzuu moja ya Kiswahili mkononi. Wengi hunitazama kama niliyewauliza kuhusu hati za mwezini. Baadhi yao hata juzuu za Kiingereza wamezisikia tu. Na hawa ndio wanaowafundisha watoto wetu kwamba Afrika ilikuwa na Mali, Songhai, Zimbabwe na Kilwa!

Kwa nini imekuwa hivi? Jibu la kwanza linaturudisha mwaka uleule wa 1964.

Kenya ilipojiunga na Unesco, ilikuwa inajiunga na shirika ambalo tayari lilikuwa na msimamo kuhusu lugha ya kufundishia. Mwaka 1953, kufuatia mkutano wa wataalamu uliofanyika Paris miaka miwili kabla, Unesco ilikuwa imechapisha ripoti maarufu iliyoshikilia kwamba mtoto hujifunza vyema zaidi katika lugha anayoijua kutoka nyumbani. Lakini Desemba 1964 tume ya elimu iliyoongozwa na Profesa Simeon Ominde ilitoa sehemu ya kwanza ya ripoti yake hapa kwetu. Tume ilikipa Kiingereza nafasi ya lugha ya kufundishia tangu darasa la kwanza, na Kiswahili kikapendekezwa kiwe somo.

Yaani katika mwaka mmoja tulifanya mambo matatu. Tulijiunga na shirika, shirika likaanzisha mradi wa kumrudishia Mwafrika historia yake, na sisi tukaamua kwamba historia hiyo, pamoja na masomo mengine, ifundishwe kwa lugha ya aliyetuambia hatuna historia. Sisemi akina Ominde walikuwa wasaliti. Walikuwa na nchi yenye lugha zaidi ya 40, walimu wachache, vitabu vya Kiingereza tayari rafuni, na wazazi waliotaka watoto wao wapate kazi za ofisini zilizoachwa na wakoloni. Ni rahisi kuwahukumu tukiwa tumekaa. Hata hivyo, uamuzi ulikuwa na gharama, na gharama hiyo bado tunailipa.

Mwaka 1976 bahati ikabisha hodi tena. Mkutano Mkuu wa 19 wa Unesco ulifanyika Nairobi kati ya Oktoba na Novemba. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mkutano huo kufanyika barani Afrika. Mkurugenzi Mkuu alikuwa Amadou-Mahtar M'Bow wa Senegal, Mwafrika mweusi wa kwanza kuongoza shirika la Umoja wa Mataifa la aina hiyo. Rais wa mkutano alikuwa Waziri wetu wa Elimu, Taaita Toweett, mwanasiasa ambaye pia alikuwa mwanaisimu na mtafiti wa lugha ya Kikalenjin. Ni mara ngapi dunia imeketi kujadili elimu na utamaduni huku mwenye kigoda ni mtaalamu wa lugha ya Kiafrika?

Katika mkutano huo yalipitishwa mambo mawili ambayo wapenzi wa Kiswahili wangepaswa kuyajua kwa moyo. La kwanza ni Pendekezo la Nairobi kuhusu ulinzi wa watafsiri na tafsiri. Hati hiyo inasema mtafsiri anastahili mkataba wa maandishi, malipo ya haki, na jina lake kuonekana katika kazi iliyochapishwa. Inasema pia kwamba, kadiri inavyowezekana, mtu atafsiri kuelekea lugha yake mwenyewe au ile anayoimudu sawasawa na hiyo. Hadi leo watafsiri wa Ulaya na Marekani ya Kusini wanapodai haki zao, wanalitaja jina la jiji letu. Watafsiri wa Kenya ninaowajua mimi, waliolipwa kwa ukurasa kwa bei ya kutupa na majina yao yakaachwa nje ya jalada, wengi hawana habari.

La pili ni Itifaki ya Nairobi, iliyopanua mkataba wa awali wa Florence wa kuondoa ushuru wa forodha kwa vitabu na vifaa vya elimu, sayansi na utamaduni vinavyovuka mipaka. Wazo lenyewe ni rahisi: maarifa yasitozwe kodi mlangoni. Miaka 37 baadaye, mwaka 2013, Bunge la nchi iliyoipa itifaki hiyo jina lilipitisha sheria iliyotoza vitabu kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16. Najua ushuru wa forodha na kodi hii ya ndani ni vitu viwili tofauti kisheria. Mzazi aliye dukani Januari akitafuta kitabu cha mtoto hajui tofauti hiyo. Anachojua ni bei.

Mwaka huohuo wa 1976, ripoti ya kamati iliyoongozwa na Peter Gachathi ilirudi karibu na msimamo wa Unesco. Ilipendekeza madarasa matatu ya mwanzo yafundishwe kwa lugha ya eneo la shule, na Kiswahili kipewe nguvu zaidi. Baadaye, kufuatia ripoti ya Mackay ya mwaka 1981 na ujio wa mfumo wa 8-4-4 mwaka 1985, Kiswahili kikawa somo la lazima na la kutahiniwa. Hapo ndipo wengi wetu tulipopatia riziki. Lakini tazama mpaka ulipowekwa. Kiswahili kiliruhusiwa kuingia darasani kama somo. Hakikuruhusiwa kubeba masomo mengine. Mtoto anachambua riwaya kwa Kiswahili saa mbili asubuhi, kisha saa nne anaambiwa habari za Kilwa, Pate na Mombasa kwa Kiingereza, kana kwamba wenyeji wa Pate hawakuwa na maneno ya kujieleza.

Nao walikuwa nayo, tena mengi. Kabla ya Unesco kuzaliwa, Waswahili walikuwa wakiandika historia zao. Kuna masimulizi ya Pate yaliyopokelewa kutoka kwa Bwana Kitini, kuna khabari za Lamu, na kuna maandishi ya Mtoro bin Mwinyi Bakari kuhusu desturi za Waswahili yaliyochapishwa Ujerumani mwaka 1903. Neno letu tarehe lina asili moja na neno la Kiarabu linalomaanisha historia. Kwa mababu zetu, kuandika tarehe ya jambo na kusimulia historia yake vilikuwa kazi moja.

Wapo watakaonipinga, na hoja zao si za kudharauliwa. Wa kwanza atasema Kiswahili hakina istilahi za kutosha za historia. Nimelijaribu hilo na wanafunzi wangu wa tafsiri kwa kutumia kurasa chache za sura ya Profesa Salim. Shida zilikuwepo, lakini hazikuwa zile tulizozitarajia. Karne, milki, dola, nasaba, vyanzo, uhamaji, biashara ya masafa marefu: yote yalipatikana bila kutoa jasho. Lililotutesa ni neno dogo tu, bara. Kwa Kiswahili bara ni Afrika nzima, na bara hiyohiyo ni nchi iliyo nyuma ya pwani. Sentensi inayozungumzia pwani, nchi ya nyuma yake, na Afrika nzima kwa pamoja inaweza kumchanganya msomaji. Tulijadiliana karibu saa nzima, mwishowe tukaamua kutumia nchi ya bara kwa maana moja na bara la Afrika kwa nyingine. Kabila nalo lilizua ubishi, maana katika Kenya ya leo neno hilo limebeba siasa ambazo mwandishi hakuzikusudia. Baadhi walipendelea jamii, wengine watu wa mahali fulani. Hizo si dalili za lugha fukara. Ni kazi ya kawaida ya tafsiri, na kila lugha iliyokuwa kubwa imeipitia.

Wa pili atasema Kiswahili nacho si lugha ya mama kwa watoto wengi wa Kenya. Mtoto wa Turkana au wa Kuria anajifunza Kiswahili kama anavyojifunza Kiingereza. Hoja hii ni nzito zaidi, na siwezi kuipuuza. Ripoti ya 1953 haikusema lugha kubwa ya Kiafrika, ilisema lugha ya nyumbani. Jibu langu ni kwamba hakuna anayependekeza Kiswahili kifute Kiturkana. Ila kati ya lugha zinazoweza kuwafikia Wakenya wengi nje ya darasa, ambayo mama mboga, mhudumu wa bodaboda na mzee wa mtaa wanaielewa bila kamusi, ipo moja. Historia haiandikiwi mtahiniwa peke yake. Ukimaliza kidato cha nne bila kuingia chuoni, Historia Kuu ya Afrika imekufungia mlango kwa sababu ya lugha yake, hata kama wewe ndiwe mjukuu wa aliyesimuliwa humo.

Wa tatu atasema kwamba hili ni jukumu la Unesco, walianza wao wamalize wao. Hapa ndipo ninapopinga kwa nguvu. Shirika la kimataifa linaweza kuitisha mkutano, kutafuta fedha, kuchapisha na kutangaza. Mwaka 2009 Unesco ilianzisha awamu nyingine ya mradi, yenye lengo la kuifanya Historia Kuu itumike shuleni kote Afrika, na juzuu mpya zimeongezwa kwenye zile nane. Novemba 2021 Mkutano Mkuu wake uliitangaza 7 Julai kuwa siku ya Kiswahili, ukikumbuka siku ile ya 1954 ambapo chama cha TANU chini ya Mwalimu Nyerere kilikipa Kiswahili kazi ya kuunganisha wapigania uhuru. Hakuna lugha nyingine ya Kiafrika iliyokuwa imepewa heshima hiyo kabla. Lakini Unesco haiwezi kuingia katika ratiba ya shule ya Matuga au Kapsabet. Haiwezi kumwajiri mtafsiri wetu. Haiwezi kuamua vitabu gani viidhinishwe. Hayo ni ya kwetu. Wageni hukusaidia kupanda, shamba hulipalilia mwenyewe.

Majirani zetu wameonyesha kwamba jambo hili halihitaji muujiza. Tanzania imeanzisha somo la Historia ya Tanzania na Maadili linalofundishwa kwa Kiswahili hadi sekondari, mahali ambapo Kiingereza kimekuwa kikishika hatamu. Mtu anaweza kuhoji yaliyomo, lakini hawezi kusema tena kwamba lugha haiwezi.

Basi tufanye nini? Sipendekezi juzuu zote nane zitafsiriwe upya kesho asubuhi. Zina maelfu ya kurasa. Napendekeza tuanze na kitabu kimoja chembamba, chenye sura zinazotuhusu moja kwa moja: za Salim kuhusu pwani, ya Masao na Mutoro, ya Ogot kuhusu eneo la Maziwa Makuu katika juzuu ya nne, na ile ya Abdulaziz na Sow kuhusu lugha. Juzuu za awali zinapatikana bure mtandaoni, kwa hiyo mwalimu yeyote anaweza kuzisoma leo na kuona ninachokisema. Tume ya Kitaifa ya Kenya ya Unesco, ambayo ina sheria yake tangu 2013, na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki iliyoko Zanzibar, zinaweza kuketi meza moja na wachapishaji na kukubaliana juu ya haki za uchapishaji. Idara zetu za Kiswahili zina wanafunzi wa uzamili wanaotafuta mada za tasnifu kila mwaka. Wapewe sura hizi, wasimamiwe na mwanahistoria pamoja na mtaalamu wa tafsiri.

Na watakapotafsiri, walipwe, tena kwa mkataba. Majina yao yachapishwe kwenye jalada, kama hati iliyopitishwa Nairobi mwaka 1976 inavyotaka. Kisha nakala ya kwanza ipelekwe Gedi, akabidhiwe yule anayewatembeza wanafunzi kati ya magofu, ili siku mtoto atakapomuuliza ni nani walioishi hapa, amjibu kwa ushahidi, tena kwa lugha ambayo wenye mji wenyewe wangeielewa.